Daktari wa upasuaji wa saratani katika hospitali ya rufaa ya mkoa: tumpime kwa lipi?

#1. Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Katika nyuzi kadhaa humu nimeona watu wakiulizana jina la daktari anayepasua saratani vizuri hapa Dar es Salaam, na majibu huwa ya aina mbili: ama mtu anataja bingwa aliyemtibu jirani yake, ama anashauri familia iuze kiwanja na kupanda ndege kwenda India. Mimi sitataja jina la daktari wala la hospitali, kwa sababu sikuomba ruhusa ya mtu. Ninachotaka tujadili ni namna familia ya kawaida inavyoweza kumpima daktari wa upasuaji wa saratani aliyepo katika hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani hospitali ambayo mtu wa Mbagala au Buguruni anaifikia kwa daladala moja au mbili. Nitaanza na yaliyotukuta sisi, kwa kuwa wetu tulimpima vibaya kabisa.

Mama yangu mdogo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Tandika. Aliota kivimbe kwenye titi la kushoto, kidogo kama punje ya korosho, kisichouma. Alikwenda katika hospitali moja, akachomwa sindano ya ganzi, kikatolewa, akashonwa nyuzi nne na kuambiwa ni mafuta tu. Baadaye sana nilipouliza kile kivimbe kilipelekwa maabara ipi, nilijibiwa kwamba hakikupelekwa popote. Kilitupwa.

Miezi 14 baadaye, alipokubali kumwonyesha dada yangu, chuchu ilikuwa imeanza kuzama, ngozi iliyozunguka kovu ilikuwa na vitundu vidogo kama ganda la chungwa, na kwapani palikuwa na mtoki mgumu usiosogea vizuri. Ndipo tukamfikisha kwa huyu bingwa wa hospitali ya mkoa. Mama mdogo aliporudi nyumbani siku ile, jambo la kwanza kusimulia halikuwa ugonjwa. Alisema kwamba daktari, baada ya kumpapasa titi na kwapa, alimwambia ajifunge kanga yake vizuri na kukaa kwenye kiti, kisha yeye mwenyewe akavuta kiti na kukaa mbele yake, ndipo akaanza kumweleza anachokihofia. "Hakuniambia nikiwa uchi," alisema, na nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomfanya arudi kliniki wiki iliyofuata, wakati wengi wa rika lake wangeishia kwa mganga.

Akachukuliwa kipande cha nyama kwa sindano nene, akapigwa picha ya matiti na ultrasaundi ya tumbo, na majibu yakathibitisha saratani. Familia ikakutana Tandika siku ya Jumapili kuchangishana fedha za upasuaji. Jumatatu daktari akatuambia kwamba hatampasua.

Mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wa familia na hana subira, alitoka mle ndani akisema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: bingwa gani anaogopa kisu? Nami, nakiri, nilikuwa upande wake. Tulidhani tumeletewa daktari wa mkoa asiyejiamini, anayetaka kutusukuma kwa wenzake. Tukataka turudishiwe faili ili tutafute hospitali binafsi, na tuliipata moja iliyokuwa tayari kumpasua Alhamisi ya wiki ileile.

Kilichotuzuia ni bahasha ya picha. Daktari alimfuata mjomba nje kwenye benchi, akaigeuza bahasha ile ya kaki na kuchora titi kwa kalamu ya wino. Akaonyesha uvimbe ulivyoshika ngozi na mitoki ilivyoshikana kwapani, akaeleza kwamba akikata sasa anaweza kushindwa kupata ngozi safi ya kufunga jeraha, na kwamba ataacha mbegu za ugonjwa pembeni bila kuziona. Dawa zikitangulia, uvimbe husinyaa na kisu hupata pa kupita. Tena, uvimbe ukiwa bado upo mwilini, unaonekana kama dawa inaufanyia kazi au haifanyi. Ukishauondoa, dawa unaitoa kwa kuamini tu. Alimaliza kwa kusema kwamba mgonjwa ni wake na atarudi kwake, ila kwa miezi takriban sita atakuwa anakwenda Ocean Road.

Jina hilo nalo ni msiba wake. Barabara yenyewe ilibadilishwa jina mwaka 2013 ikawa ya Barack Obama, lakini hofu imebaki na jina la zamani. Jengo lile la ufukweni, lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na kwa watu wa rika la mama mdogo kupelekwa pale ni sawa na kuagwa. Alilia njia nzima, tangu Tandika hadi Posta.

Alipewa dripu nane, moja kila baada ya wiki tatu. Nne za mwanzo zilikuwa na ile dawa nyekundu ambayo hugeuza hata mkojo kuwa mwekundu, na kwa bahati daktari wake wa upasuaji alikuwa amekwisha kumtahadharisha, la sivyo angedhani anatoka damu. Nywele zilikwisha katika mzunguko wa pili. Kufikia dripu ya sita mtoki wa kwapani ulikuwa haushikiki tena kwa vidole.

Wiki iliyopita ametolewa titi, na daktari ni yuleyule ambaye mjomba alimwita mwoga. Majibu ya maabara bado tunayasubiri. Kwa wenye uzoefu au taaluma, naomba tujadili: daktari wa namna hii anatambuliwaje mapema, kabla familia haijamtukana?

#2. Mchangiaji wa Kinondoni

Pole kwa mgonjwa, dada. Hata hivyo sikubaliani na msingi wa uzi wako. Saratani si ngiri wala busha. Hospitali za mikoa zina foleni, zina upungufu wa damu, na thieta moja inagombewa na akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Kwa nini mgonjwa wa saratani asipelekwe moja kwa moja Muhimbili? Vyeti vya huyo bingwa umeviona?

#3. Mwanzisha uzi

Mkuu, vyeti vyenyewe sikuviona, lakini historia yake niliiuliza, na aliijibu bila kuchukia. Wengine wanaweza kunufaika nayo, kwa hiyo naiandika.

Kwa hapa kwetu, mtu husoma shahada ya udaktari kwa miaka mitano, kisha hufanya mwaka mmoja wa utarajali. Akitaka kuwa bingwa wa upasuaji hurudi darasani na wodini kwa shahada ya uzamili ya miaka mitatu hadi minne, kwa mfano pale Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, au hufuata njia ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha, ambacho mafunzo yake kamili ya upasuaji wa jumla huchukua miaka mitano. Hapo ni bingwa wa upasuaji wa jumla. Kuitwa bingwa bobezi wa upasuaji wa saratani ni hatua nyingine juu ya hiyo. Huyu wa kwetu alikwenda nje ya nchi kwa miaka miwili.

Watu huchanganya madaktari wawili tofauti. Yupo bingwa wa saratani ambaye kazi yake ni mionzi na dawa, na yupo wa upasuaji. Wote huitwa "daktari wa saratani" katika maongezi ya kawaida, lakini wa kwanza hashiki kisu, na wa pili hapangi dozi ya mionzi. Usajili wa wote wawili upo chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na mwenye shaka anaweza kuulizia huko.

Sasa, kilichonishawishi mimi hakikuwa ile miaka miwili ya nje. Kabla ya kusomea ubingwa alikaa miaka kadhaa katika hospitali ya wilaya huko bara, akipasua kila kilicholetwa: utumbo uliojisokota, ngiri iliyobana, mama aliyeshindwa kujifungua saa tisa usiku. Alisema pale ndipo alipoona wanawake wakiletwa na titi limekwisha kuoza, na ndani ya faili kuna karatasi ya miaka miwili nyuma iliyoandikwa "jipu". Nilipomuuliza, kwa woga kidogo, ni upasuaji wa titi mara ngapi amefanya katika mwaka uliopita, alifungua daftari la thieta na kunihesabia. Nilipouliza kuhusu kongosho, alisema hilo halifanyi pale. Mgonjwa wa kongosho na wa koo la chakula humwandikia rufaa kwenda Muhimbili siku hiyohiyo. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako. Titi lilikuwa ndani ya uwezo wa hospitali ile. Kongosho halikuwa, naye alikuwa wa kwanza kulisema.

#4. Mchangiaji, muuguzi mstaafu wa thieta

Nimefanya kazi ya thieta kwa zaidi ya miaka ishirini, na nitasema ambayo ndugu wa mgonjwa hawezi kuyaona kwa kuwa mlango hufungwa.

Daktari anayejua saratani utamtambua kabla mgonjwa hajapewa nusu kaputi. Humkalisha mgonjwa kitandani, si kumlaza, akachora mipaka ya titi kwa kalamu akiwa ameketi, kwa sababu akilala titi husambaa na kuhama mahali pake. Asiyejua huchora mgonjwa akiwa amelala, au hachori kabisa.

Kwapani ndipo kazi ilipo. Ipo mishipa miwili ya fahamu ambayo daktari mwangalifu huitafuta kwanza na kuionyesha kwa wote waliopo mezani kabla ya kuendelea kutoa mitoki. Mmoja ukikatwa, bega la mama huyo litatokeza nyuma kama bawa, na hatasukuma mlango vizuri wala kuanika nguo kwa starehe maisha yake yote. Nimewahi kusimama na daktari aliyetumia dakika arobaini kwapani huku mtu wa usingizi akiangalia saa, na nimewahi kusimama na mwingine aliyemaliza kwa dakika kumi na kusifiwa kuwa ana mkono mwepesi. Mgonjwa wa huyo wa pili nilikutana naye sokoni Kariakoo. Alikuwa amebeba kikapu kwa mkono mmoja.

Titi likishatoka, kazi ya saratani haijaisha. Daktari hushona uzi mfupi upande wa juu na uzi mrefu upande wa kwapa, ili mtaalamu wa patholojia, yaani anayepima nyama maabara, ambaye hakuwepo na hatamwona mgonjwa, ajue huu ni upande gani wa mwili wa mtu. Bila nyuzi hizo, akiona ugonjwa umefika ukingoni hawezi kusema ni ukingo upi. Kisha nyama iingie kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, ndani ya saa moja, na dawa hiyo iwe nyingi, takriban mara kumi ya nyama yenyewe. Titi zima halitoshi kwenye kile kichupa kidogo. Linataka ndoo yenye mfuniko, na lipasuliwe mapande ili dawa ipenye ndani. Nyama ikioza katikati, kipimo cha vipokezi vya homoni, yaani alama kwenye saratani zinazoonyesha kama itasikia dawa za homoni, hutoa jibu la uongo, na mama aliyestahili kidonge cha homoni akaambiwa hakimfai.

Dada mwanzisha uzi, ndoo ya mama yako mdogo aliipeleka nani maabara?

#5. Mwanzisha uzi

Niliipeleka mimi, mama. Maabara ya patholojia haikuwa pale hospitalini, na gari la sampuli lilikuwa limekwisha kuondoka. Nilipakata ndoo nyeupe ya plastiki kwenye bajaji tangu hospitalini hadi mjini, juu yake imebandikwa plasta yenye jina, namba ya faili, "titi la kushoto", na saa ambayo nyama iliingizwa kwenye dawa: 5:40 asubuhi. Dereva aliuliza kama ni maziwa. Nikamwambia ndiyo, na hadi leo sijui kwa nini nilijibu hivyo.

#6. Mchangiaji aliyeko Marekani

Naomba niongezee kidogo kwa kuwa ninafanya kazi katika hospitali ya kawaida ya mji mdogo huku, si kwenye chuo kikuu kikubwa. Watu wa nyumbani hudhani kila mgonjwa wa Marekani hutibiwa kwenye zile taasisi zinazotajwa kwenye runinga. Sehemu kubwa ya wagonjwa wa saratani hutibiwa katika hospitali za jamii kama hii yangu. Daktari wa upasuaji wa saratani huku husoma upasuaji wa jumla kwa miaka mitano, na anayeendelea na ubobezi wa saratani huongeza miaka miwili. Wapo wanaomaliza hapo na kurudi kwenye miji midogo kwa hiari yao.

Hoja ya ndugu wa Kinondoni ina uzito wake, lakini si kwa kila saratani. Mwaka 2002 timu iliyoongozwa na John Birkmeyer ilichapisha uchambuzi wa upasuaji takriban milioni 2.5 wa wagonjwa wa bima ya wazee ya huku. Kwa upasuaji wa kongosho, katika hospitali zilizoufanya mara chache sana vifo vilikuwa asilimia 16.3, na katika zilizoufanya mara nyingi sana vilikuwa asilimia 3.8. Kwa baadhi ya aina nyingine za upasuaji waliouchunguza, pengo lilikuwa dogo sana. Kwa hiyo yule daktari wenu aliyekataa kongosho alikuwa anafuata jambo lililokwisha kuonekana kwenye hesabu.

Jambo jingine ni kikao. Tangu mwaka 1922 Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani kina tume inayokagua huduma za saratani hospitalini, na hospitali inayotaka kutambuliwa nayo lazima iwe na jopo ambamo wa upasuaji, wa dawa, wa mionzi, wa picha na wa patholojia huzungumzia mgonjwa mmoja mmoja. Kwetu jopo hukaa saa moja asubuhi, kila wiki, na nimeona daktari mwenye jina kubwa akibadilishiwa mpango wake na mtaalamu wa patholojia kijana. Ningekuwa Dar, ningemuuliza daktari swali moja: huyu mgonjwa wangu mmemjadili wangapi?

#7. Mchangiaji wa Kinondoni

Nimeelewa kuhusu kongosho. Lakini hamjagusa jambo ambalo wazee wetu wanalisema, na mimi nimeliona kwa baba yangu mwenyewe: saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Alipasuliwa, na baada ya miezi mitatu tukamzika.

#8. Mwanzisha uzi

Pole sana, mkuu. Sitabishana na msiba wa mtu.

Naweza kusema tu jinsi daktari alivyomjibu mjomba, aliyemuuliza swali hilohilo. Alisema wagonjwa wengi nchini hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, kwa hiyo kisu hukutana na saratani ikiwa tayari imo kwenye ini au mapafuni. Mtu hufariki baada ya upasuaji, na ndugu wanakumbuka kisu kwa kuwa walikiona, hawakumbuki miaka miwili ya uvimbe kwa kuwa hakuna aliyeuona. Halafu akaongeza kitu ambacho sikutegemea daktari akikubali mbele ya familia: kwamba kisu kilichokata ovyo, bila kipande cha nyama kupimwa na bila kujua mipaka, kweli humharibia mgonjwa, na kwamba wazee hawakuyatoa hewani. Mjomba alinyamaza. Kesho yake alichangia damu chupa moja, bila kumwambia mtu.

Katika historia ya upasuaji wa titi wenyewe, madaktari pia walikosea kwa upande wa pili. Kwa miongo mingi walifuata njia ya William Halsted wa mwishoni mwa karne ya 19, ya kuondoa titi, mitoki na hata misuli ya kifua, wakiamini kwamba anayekata zaidi ndiye anayeponya zaidi. Ni majaribio ya Bernard Fisher huko Marekani na ya Umberto Veronesi kule Milan, yaliyoanza miaka ya 1970 na kutoa majibu ya miaka 20 mwaka 2002, yaliyoonyesha kwamba mwenye uvimbe mdogo akiondolewa uvimbe tu na kupewa mionzi huishi sawa na aliyeondolewa titi zima. Mama mdogo angefika na ile punje ya korosho, na ingepimwa, huenda titi lake lingekuwepo.

#9. Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, niliahidi majibu, nayo yametoka jana.

Kingo zote ni safi. Mitoki 13 imepatikana kwapani, miwili ikiwa na mabaki ya ugonjwa. Vipokezi vya homoni vipo, kwa hiyo ataanza kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano, na kabla ya hapo atakwenda mionzi siku 15 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikirukwa. Mama muuguzi, chini ya ripoti mtaalamu wa patholojia ameandika kwamba nyama ilihifadhiwa vizuri na nyuzi za alama zipo mahali pake. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu.

Swali la ndugu wa Marekani nililiuliza. Daktari alisema walikuwa watano, na kwamba yeye alitaka kumpasua baada ya dripu ya sita, wenzake wa Ocean Road wakamshauri amalizie nane, akakubali.

Mpira wa kutoa majimaji kwenye jeraha umetolewa siku ya tisa, baada ya majimaji ya kwenye chupa kushuka chini ya mililita 30 kwa siku mbili mfululizo. Fedha za mionzi zimeshughulikiwa na afisa ustawi wa jamii, na anayekwama kwa hilo asione haya kugonga mlango wake. Kila asubuhi mama mdogo anasimama ukutani uani kwake, anatambaza vidole vya mkono wa kushoto kupanda juu kama alivyoelekezwa, na mjukuu wake anapiga mstari kwa chaki pale vilipofika. Mstari wa leo umepita kitasa cha mlango kwa kiganja kimoja.